I-90 Dakota Kusini: pa kusimama, pa kupunguza mwendo na pa kupita tu

Ukitoka Sioux Falls kuelekea Rapid City, katika jimbo la Dakota Kusini huko Marekani, kwa barabara ya I-90 una maili kama 340 mbele yako, kilomita 550 kwa hesabu yetu. Mwendo unaoruhusiwa nje ya miji ni maili 80 kwa saa, barabara imenyooka, na pembeni mabango yanakuita tangu asubuhi: maji ya baridi bure, kahawa senti tano, dinosau, jumba la mahindi. Pa kusimama papo tele. Shida ni kwamba wenye mabango mengi wanastahili nusu saa, na wanaostahili nusu siku hawana bango la maana. Wasafiri hufuata mabango, hufika hifadhi ya Badlands saa saba mchana jua likiwa utosini, huona vilima vyeupe visivyo na kivuli, hupiga picha mbili na kuondoka wakisema hapana kitu.

Njia za kutokea kwenye I-90 zimepewa namba kwa maili, kuanzia mpaka wa Wyoming. Mitchell ni namba 332 na Wall ni 110. Toa, unapata maili 222 kati yao. Hesabu hii itakufaa, maana mtandao wa simu huyumba sana magharibi ya mto Missouri. Pakua ramani kabla ya kuondoka Sioux Falls. Jambo la pili ni saa: kati ya Murdo na Kadoka unavuka kutoka saa za Kati kwenda saa za Milimani, kwa hiyo anayekwenda magharibi hupewa saa moja ya ziada. Anayerudi mashariki hunyang'anywa, na hapo ndipo watu hukosa zamu zao za kutembezwa walizolipia.

Mafuta nayo yana mambo yake. Sehemu hizi za magharibi utakuta pampu yenye petroli ya okteni 85, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Magari mengi ya kukodi yameandikiwa 87 kwenye kitabu chake, basi chukua 87 na usidanganywe na tofauti ya senti chache. Hii pia ni nchi ya mahindi, na mahindi huishia kwenye ethanoli: pampu iliyoandikwa E85 ni ya magari maalumu tu, na gari la kawaida likijazwa hiyo huanza kukohoa na kuwasha taa ya injini. Kama kadi yako ni ya benki ya Nairobi au Dar, pampu itakuuliza namba ya posta ya Marekani na itaikataa. Usibishane nayo. Ingia dukani, taja namba ya pampu, lipia dola 40 au 50 kabla, kisichotumika hurudishwa. Na ukifika robo tangi, jaza. Kati ya mji na mji hapa pana nyasi tu.

Kituo cha kwanza cha kweli ni Corn Palace ya Mitchell, jengo lenye kuba kama za Urusi ambalo kuta zake za nje zimefunikwa michoro ya mahindi. Mila yenyewe ilianza 1892, jengo la sasa ni la 1921. Kuingia ni bure. Wengi hupiga picha wakiwa ng'ambo ya barabara na kuondoka, hapo ndipo wanapoikosa. Sogea hadi ukutani. Utaona kwamba hakuna rangi iliyopakwa: kila hindi limepasuliwa katikati kwa urefu na kupigiliwa upande wa bapa ukutani, na rangi zote, nyekundu, nyeusi, ya kahawia, ya chungwa, ni za mbegu zenyewe, kila moja ikipandwa shamba lake ili isichanganyike na nyingine. Mistari ya pembeni ni ya nyasi na mabua yaliyofungwa matita. Michoro hubadilishwa kila mwaka kwa mada mpya. Ukipita mwanzo wa kiangazi waweza kukuta ukuta nusu uchi kwa sababu ya zamani inabanduliwa. Ukipita mwisho wa majira ya baridi, ndege wameshakula sehemu yao. Ndani ni ukumbi wa mpira wa kikapu na duka la zawadi. Dakika 30 zinatosha, hata kama una watoto.

Maili 70 mbele, karibu na Chamberlain, kuna eneo la mapumziko kwenye maili ya 264 lenye sanamu ya Dignity: mwanamke wa makabila ya asili ya nyanda hizi, chuma cha pua, futi 50 kwenda juu, amejitanda blanketi la nyota mabegani. Iliwekwa 2016, kazi ya Dale Lamphere. Vipande 128 vya rangi ya buluu kwenye blanketi vimefungwa vikiwa huru kidogo, upepo ukivuma vinacheza na kumeta. Nyuma yake mto Missouri unaonekana mpana, na kuanzia hapo mashamba yanakwisha, malisho yanaanza. Hulipi kitu, vyoo ni safi. Usipite bila kusimama, kwa sababu kituo kinachofuata chenye thamani kiko mbali.

Kituo hicho ni namba 131, na kina mambo mawili yanayogombania muda wako: makombora ya nyuklia upande wa kaskazini na Badlands upande wa kusini.

Minuteman Missile ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote katika njia hii. Wakati wa Vita Baridi, magharibi ya Dakota Kusini ilikuwa na makombora 150 ya Minuteman yaliyofichwa chini ya malisho ya ng'ombe. Yakaondolewa baada ya mkataba na Muungano wa Kisovieti, na sehemu tatu zikabaki kwa ajili ya wageni. Kituo cha wageni kiko namba 131 na ni bure. Delta-01, chumba cha chini ya ardhi ambamo maofisa wawili walikaa wakisubiri amri ya kufyatua, iko namba 127, na huingii bila tiketi ya kukata mapema mtandaoni au kwa simu. Kundi moja ni watu sita tu, kwa hiyo nafasi za Juni hadi Agosti huisha siku nyingi kabla. Mtoto wa chini ya miaka sita haingii, na kila anayeshuka lazima aweze kupanda ngazi mbili za chuma za futi 15 kwa nguvu zake, lifti ikikwama. Anayepata nafasi ataona mlango mzito wa zege na chuma ambao askari waliuchora mfano wa boksi la piza, na maneno ya ahadi: utafikishiwa popote duniani kwa dakika 30 au pungufu, vinginevyo linalofuata ni bure. Mzaha huo unaeleza kazi yao kuliko kibao chochote cha maelezo.

Ukikosa tiketi, nenda Delta-09, namba 116. Ni shimo lenyewe la kombora, bure, unajitembeza mwenyewe na kusikiliza maelezo kwa simu. Unachungulia kupitia kioo na kuona kombora la mafunzo, lisilo na kilipuzi, limesimama ndani ya shimo la futi 80. Kando yake kuna kifuniko cha tani 90 kilichosogezwa nusu. Dakika 20. Lakini hapa ndipo ratiba nyingi huvurugika: anayeingia Badlands kwa namba 131 hutokea namba 110, akiwa ameshaipita 116. Basi ama uende 116 kwanza kisha urudi maili 15 hadi 131, ama umalize Badlands, ufike Wall, halafu urudi mashariki maili sita. Njia ya pili ni fupi, ila ukichelewa Badlands utakuta lango la Delta-09 limefungwa. Mwenye tiketi ya Delta-01 ya mchana afanye ya kwanza bila kusita.

Sasa Badlands. Kiingilio ni dola 30 kwa gari dogo, kwa siku saba. Barabara ya 240 kutoka namba 131 hadi Wall ni maili 39 hivi, na kwa kuendesha tu ni saa moja na ushehe. Ipe saa nne, na saa hizo ziwe za mwisho wa siku. Vilima hivi ni tabaka za matope, mchanga na majivu ya volkano. Jua la mchana huzifuta zote zikawa rangi moja, na jua likishuka, mistari ya waridi, kijivu na njano hutokea kana kwamba mtu ameichora upya. Ile saa ya ziada uliyopewa Murdo itumie hapa.

Baada ya lango la kaskazini-mashariki simama Big Badlands Overlook, dakika tano. Maegesho yanayofuata, marefu, ndiyo yenye vichochoro vitatu vya miguu. Window ni robo maili, kwa wenye magoti mabovu. Door ni robo tatu ya maili kwenda na kurudi; sehemu ya kwanza ni njia ya mbao, kisha unafuata nguzo zenye namba juu ya udongo mtupu, na wanaopotea ni wale wanaoziacha nguzo kufuata picha. Notch ndiyo bora: maili moja na nusu, ina ngazi ya magogo iliyofungwa kwa waya, iliyolala juu ya mteremko mkali. Kupanda ni rahisi. Kushuka ndiko kunakotoa jasho, kwa sababu magogo hucheza na huoni pa kukanyaga; shuka ukiwa umetazama ngazi, mmoja mmoja, mikono ikiwa huru. Ikinyesha, achana na Notch siku hiyo. Udongo huu una bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa. Nusu saa ya mvua inaugeuza utelezi, unaganda chini ya kiatu tabaka kwa tabaka hadi mguu hauinuki. Viatu vya soli laini havifai hata siku ya jua.

Maji ya kunywa jaza Ben Reifel Visitor Center, maana huko mbele hupati. Kiangazi joto hupita nyuzi 38, upepo hukausha jasho hata hujui kama unatoka. Nyoka wenye njuga mkiani wapo: usitie mkono wala mguu mahali usipopaona. Mfupa au kisukuku ukikiona kinachungulia kwenye udongo, kiache, piga picha, toa taarifa kituoni. Mwaka 2010 msichana wa miaka saba alifanya hivyo karibu na hapohapo kituoni, kikatoka kichwa cha mnyama wa kale aliyefanana na paka, mwenye meno kama jambia. Mkahawa wa Cedar Pass Lodge ulio jirani, unaofunguliwa msimu wa wageni tu, una Indian taco, taco ya wenyeji wa asili wa Marekani: mkate mpana uliokaangwa kwenye mafuta, umejazwa maharage, nyama ya baisani (nyati wa Amerika), jibini na saladi. Moja inashibisha watu wawili wasio na njaa kali.

Wanaoharakisha hufuata lami hadi mwisho. Ukiwa na muda, kabla ya lango la Pinnacles pinda kushoto kwenye Sage Creek Rim Road, barabara ya changarawe. Gari dogo linapita pakiwa pakavu. Maili chache ndani yake utakuta baisani, na kijiji kizima cha prairie dog, wale jamaa wa kindi, wanene, wa mashimoni, wanaosimama wima na kubweka. Usiwalishe wala kuwasogelea. Viroboto vyao hubeba tauni. Kwa baisani kaa mbali sana, na akiinua mkia rudi garini bila kusubiri picha, maana anakimbia maili 35 kwa saa, jambo ambalo wewe huliwezi. Kambi ya Sage Creek ni bure kabisa, ila haina maji.

Wall Drug, namba 110, ndiyo mwenye mabango yote yale. Mfamasia Ted Hustead alinunua duka hili la dawa mwaka 1931, biashara ikawa mbaya, hadi 1936 mkewe Dorothy alipotoa wazo la kuwaandikia wasafiri mabango ya maji ya barafu bure. Leo ni kama mtaa uliowekewa paa: mabuti ya ngozi, kofia, vitabu vya historia ya Magharibi, kanisa dogo la wasafiri, dinosau anayenguruma, sungura mkubwa mwenye pembe ambaye watoto hupanda mgongoni. Maji bado ni bure. Kahawa bado ni senti tano, unatumbukiza mwenyewe kwenye kisanduku. Donati zao za kutengenezwa hapohapo ndizo za kununua; foleni ya mkahawani saa sita mchana si ya kungojea. Vitu vya ngozi na vitabu vina ubora, vikorokoro vya rafuni vimetoka mbali na utavikuta popote. Dakika 45, vyoo vikiwamo.

Rapid City ni mahali pa kulala na kufua nguo. Sanamu za marais kwenye kona za barabara za katikati ya mji ni bure, na Dinosaur Park ya 1936 juu ya kilima ina mandhari mazuri kuliko hao dinosau wa zege. Jioni tafuta chislic, chakula cha nyumbani cha jimbo hili: vipande vya nyama ya kondoo au ng'ombe, mishkaki ambayo mara nyingi haina kijiti wala mkaa, kwani wengi huikaanga kwenye mafuta na kuinyunyizia chumvi ya kitunguu saumu. Iliyokaangwa kupita kiasi hutafunika kama mpira. Omba isiive sana. Anayetafuta nyama halali anunue akiwa bado Sioux Falls, ambako kuna Wasomali na Wakongo wa kutosha kuwauliza. Huku magharibi shikilia mayai, samaki na mboga.

Mount Rushmore, mlima uliochongwa nyuso za marais wanne, haina kiingilio, lakini maegesho ni dola 10 na pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa haiyalipii. Mabishano ya hapo mlangoni husikika kila siku. Nenda asubuhi, nyuso zimetazama kusini-mashariki na baada ya mchana huingia kivulini. Zilichongwa 1927 hadi 1941 chini ya Gutzon Borglum, kila uso futi 60, sehemu kubwa kwa baruti. Wanaosimama uwanjani kwenye bendera huona kile walichokwisha kukiona kwenye picha. Zunguka Presidential Trail, ngazi 422, inayokupeleka chini ya lundo la mawe yaliyolipuliwa ambayo hakuna aliyeyaondoa. Mlima huu ni wa Walakota, watu wa asili wa nyanda hizi, kwa mkataba wa 1868. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua walipwe zaidi ya dola milioni 100 kwa kunyang'anywa Black Hills, yaani milima hii yote. Fedha hawajazichukua, wanataka ardhi. Saa moja na nusu inatosha. Asiyetaka kulipia maegesho afuate barabara ya 244 mbele kidogo, kuna pa kuegesha na kuona uso wa Washington kwa ubavu.

Kizuri zaidi kuliko mlima wenyewe ni barabara ya kuufikia. Iron Mountain Road, maili 17 zenye kona 314, ilikatwa makusudi iwe ya polepole. Iendeshe ukitokea Custer State Park kwenda Rushmore, usigeuze: mahandaki yake yalitobolewa yakielekea nyuso zile, na ukitoka upande wa Rushmore utaziona kwenye kioo cha nyuma tu. Madaraja yake ya magogo hujiviringisha, ukashuka ukapita chini ya daraja ulilolivuka sasa hivi. Handaki ni gari moja moja. Washa taa, piga honi, subiri. Wenye kutapika garini wakae mbele. Needles Highway ni kali zaidi: handaki la Needles Eye lina upana wa futi 8 tu, na vani ya watu 12 au 15 yenye vioo vilivyofunguka hufikia upana huo. Kunja vioo au pita kwingine. Theluji ikianza, barabara hiyo hufungwa hadi majira ya kuchipua.

Ndani ya Custer, kiingilio ni cha jimbo na pasi ya taifa haifanyi kazi. Wildlife Loop, maili 18, iendeshwe alfajiri. Baisani ni zaidi ya elfu moja na hupumzika katikati ya lami. Usipige honi, zima injini. Punda wanaoombaomba madirishani huchubua rangi ya milango, na kampuni ya kukodi gari haitasikia habari za punda.

Crazy Horse, sanamu ya kiongozi wa Walakota inayochongwa mlimani kusini magharibi mwa Rushmore, ilianzwa 1948 na bado ni uso, mkono na vumbi. Uso ulizinduliwa 1998. Ada si ndogo, hupangwa kwa idadi ya watu garini, na jukwaa la kutazamia liko mbali na mlima. Kusogezwa kwa basi hulipiwa peke yake. Makumbusho yake ni mazuri kwa mwenye saa mbili. Mwenye nusu saa atazame kutoka barabarani, aende zake.

Devils Tower, mnara wa mwamba ulio ng'ambo ya mpaka huko Wyoming, ni karibu saa mbili kutoka Rapid City na dola 25 kwa gari. Zunguka njia ya Tower, maili 1.3, vitambaa vilivyofungwa mitini ni vya ibada, usiviguse.

Kuhusu pasi, piga hesabu. Rushmore, Minuteman na Wind Cave (hifadhi ya pango) hazina kiingilio, ila kutembezwa pangoni au Delta-01 hulipiwa. Badlands na Devils Tower kwa pamoja ni dola 55. Tangu Januari 2026 pasi ya mwaka ni dola 80 kwa raia na wakazi wa Marekani wenye kitambulisho, na dola 250 kwa mgeni, kwa hiyo mgeni anayeishia njia hii asiinunue. Anayeendelea hadi Yellowstone afikirie tena, maana huko mgeni wa miaka 16 na zaidi huongezewa dola 100 kwa kichwa.

Msimu mzuri ni mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni, na Septemba. Mwanzo wa Agosti kuna mkusanyiko wa pikipiki wa Sturgis, vyumba vya Rapid City hupanda bei na hujaa. Alasiri za Juni na Julai huleta mvua ya mawe. Ukiona wingu la kijani, egesha chini ya paa la kituo cha mafuta, si chini ya mti. Gari chukua na ulirudishe mji uleule ikiwezekana: kulichukua Sioux Falls na kuliacha Rapid City huongezewa ada ambayo mara nyingi huzidi mafuta ya safari nzima ya kurudi.